Mwana Ni Amana, Si Ngawira

Huku Burumba, Busia, mpaka wa Uganda u karibu. Mzazi mwenye hasira aweza kumvusha mwana kabla ya eda kwisha, ambako amri ya mahakama ya huku haitekelezwi kwa wepesi. Twauliza: hiyo ni haki, au ni kisasi? Fiqhi ya Kishafii humpa mama malezi mpaka mwana apambanue, yapata miaka 7, kisha mwana huchagua. Na matumizi ni juu ya baba. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 53, nayo yatanguliza maslahi ya mtoto. Basi amfichaye mwana hamnyimi mwenziwe tu. Amdhulumu mwana aliyestahiki kuulizwa. Talaka huvunja ndoa, haivunji uzazi.