Barzilai na Sauti ya Waimbaji



Katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 19, twasoma habari za mzee Barzilai, Mgileadi. Ndiye aliyemlisha mfalme Daudi huko Mahanaimu, mfalme alipokuwa akimkimbia mwanawe Absalomu. Vita vilipokwisha, Daudi alimwalika Yerusalemu ale mezani pake siku zote. Barzilai akakataa kwa heshima. Alikuwa na miaka 80. Alisema kwamba hawezi tena kuonja ladha ya chakula, wala kufurahia sauti za waimbaji.

Habari hii yatuhusu, kwa sababu nyimbo zimeanza kututenga, wazee na vijana, katika makanisa yetu ya Wanging'ombe. Kwaya ya vijana ikiwasha kinanda cha umeme na vipaza sauti, wazee hutazamana. Mzee akianzisha wimbo wa kitabuni, aya zote sita, vijana huanza kutoka mmoja mmoja. Wengine hawarudi.

Tufikiri kwanza jinsi mtu anavyobadilika. Sisi tuliokuwa vijana katika miaka ya 1970 twakumbuka redio ya betri, imezungukwa na watu kumi. Kutoka Radio Tanzania Dar es Salaam tulisikia gitaa la Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro, aliyefariki kwa ajali ya gari huko Kenya mwaka 1979. Wakati ule tulipenda mdundo. Maneno yalifuata nyuma. Tulipooa na kuolewa, tukapata watoto na kuzika wazazi, tulianza kusikiliza maneno. Sasa tumepita miaka sitini, na wimbo wa polepole watutosha. Hata hivyo, gitaa lile likilia katika basi la Makambako, kichwa chatikisika chenyewe.

Hilo si ajabu. Mwaka 1989 wataalamu wawili wa Marekani, Morris Holbrook na Robert Schindler, walitoa matokeo ya uchunguzi wao. Waliwasikilizisha watu 108, wa umri wa miaka 16 hadi 86, vipande vya nyimbo 28 zilizovuma kati ya mwaka 1932 na 1986. Kwa wastani, watu walipenda zaidi nyimbo zilizovuma walipokuwa na miaka kama 23 au 24. Moyo wa kijana ni kama udongo mbichi: alama iliyowekwa siku zile hukauka nayo.

Basi yatupasa kuangalia mambo mawili.

La kwanza, tusiite utakatifu kile ambacho ni mazoea yetu tu. Chukueni wimbo wa Pasaka, "Mfurahini, Haleluya". Wazee wengi huuimba kama wimbo wa mababu. Lakini maneno yake yalitungwa mwaka 1966 na Bernard Kyamanywa, Mlutheri wa Tanzania, alipokuwa angali kijana. Nao ulikuwa wimbo mpya siku moja. Leo umetafsiriwa, nao huimbwa na Wakristo wa nchi za mbali. Kama kila wimbo mpya ungefungiwa mlango, Pasaka yetu ingekuwa maskini.

La pili ni zito zaidi. Wale wanaokwenda kuwatazama wagonjwa wazee wamepata kuona jambo hili: mzee amesahau majina ya wajukuu, hajui leo ni siku gani, lakini ukianza wimbo aliojifunza ujanani, midomo yake inafuata. Maneno yale yamebaki wakati mengine yamekwenda. Kijana wa miaka 17 anayeimba kwaya leo, Mungu akimjalia uzee, atakuwa kitandani karibu na mwaka 2090. Midomo yake itafuata nini siku hiyo? Itafuata tulichomfundisha sasa.

Kwa hiyo, wazee wenzetu, tusigombane na vijana kwa ajili ya kinanda. Tuwaulize habari ya maneno. Je, wimbo huu wamtaja Kristo aliyekufa na kufufuka, au warudia neno moja tu, kwamba adui zangu wataaibika? Wenye kujua Maandiko waketi na watunzi wa kwaya kabla wimbo haujafika madhabahuni. Nanyi vijana, jifunzeni nyimbo za kitabuni hata kama hazichezeki. Leo zaweza kuwa kama uji usio na sukari, lakini kuna siku ya ugonjwa ambayo sukari haitakiwi, na uji ndio unaotakiwa.

Turudi kwa Barzilai. Masikio yake yalipochoka, hakumwambia mfalme awafukuze waimbaji. Wala hakuacha nafasi yake mezani ipotee bure. Alimtoa kijana Kimhamu, akamwomba mfalme aende naye badala yake. Daudi akakubali, akambusu mzee na kumbariki, naye akarudi kwao kwa amani. Kimhamu akavuka pamoja na mfalme.

Hiyo ndiyo kazi iliyotubakia sisi wenye mvi: kumpeleka Kimhamu kwa Mfalme, naye aende akijua anakwenda mezani pa nani.

Mungu, aliyewapa wazee kumbukumbu na vijana sauti, atujalie kuimba pamoja mbele zake, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.