Kasi Haikamatwi kwa Kubahatisha

Wanangu mnaopenda kupiga picha, neno hili nimelisema hata sauti imechoka, lakini nitalisema tena kwa kuwa nawatakia mema. Kamera ya bei kubwa haimfundishi mtu kunasa kitu kiendacho mbio. Kinachomfundisha ni mazoezi ya kila mara.

Nawaona mkija kwenye mashindano ya riadha na lenzi ndefu za kuazima. Mkimbiaji anapita kufumba na kufumbua, mnabonyeza ovyo, kisha mnarudi na picha chungu nzima zenye ukungu, mkiilaumu kamera. Kamera haina kosa. Tangu mashindano yaliyopita hamkuishika, na mkono usiozoeshwa husahau.

Msingoje siku kubwa. Nendeni kando ya barabara jioni, msimame mbali na magari, mjifunze kwa bodaboda. Pikipiki iendayo kilomita 40 kwa saa hukata mita 11 kila sekunde. Shata ikifunguka kwa 1/60 ya sekunde, pikipiki imeshasogea sentimita 18 hivi. Kwa 1/1000, imesogea sentimita moja tu. Basi ukitaka kuigandisha, panda hadi 1/1000, na spoku za gurudumu utazihesabu. Ukitaka mwendo wenyewe uonekane, shuka hadi 1/60 uifuate kwa kamera. Bana viwiko mbavuni, panua miguu, kiuno ndicho kizunguke. Mshike mwendeshaji angali mbali, nenda naye, bonyeza akifika mbele yako, kisha endelea kumfuata. Wengi huharibu hapo: wakisikia tu mlio wa shata, mkono unasimama.

Ukirudi nyumbani, zikague picha moja moja. Ukuta wa nyuma ukitoka safi na pikipiki ina ukungu, hukwenda sawa na mwendo wake. Vyote viwili vikiwa na ukungu, huenda mkono ulitikisika. Kosa ukilijua leo, kesho unajua pa kuanzia.

Tena mkumbukeni mpiga picha Eadweard Muybridge: alianza kumpiga picha farasi akiwa mbioni huko California mwaka 1872. Ilikuwa Juni 1878 ndipo alipozipanga kamera 12 kando ya njia ya farasi pale Palo Alto, akawaonyesha watu bila shaka kwamba kuna wakati kwato zote nne huwa hewani. Miaka sita, wanangu! Nanyi alasiri moja tu inawakatisha tamaa?

Papo kwa papo kamba hukata jiwe. Robo saa kila jioni ina faida kuliko kutwa nzima mara moja kwa mwaka. Siwaombi mnunue chochote. Naomba muanze leo, na kesho mrudi palepale.