Sifa Hazibebi Ndoo

Kama wewe ni kijana unayejifunza kuandika, hapana shaka shairi lako la kwanza ulimtungia mama. Mimi pia. Niliandika beti sita, nikamsifu kwa uvumilivu wake, nikamfananisha na Mlima Meru. Nilikuwa nimekaa kivulini. Yeye alikuwa anapanda kilima na ndoo kichwani. Sikuona ajabu.

Nilikulia Momela, upande wa pili wa mlima ukitokea mjini Arusha. Maji huko yapo, ila yana hila. Maziwa ya Momela ni ya magadi, na mto Ngare Nanyuki una floraidi nyingi. Mtoto akiyanywa tangu utotoni, meno yake huota na rangi ya kahawia. Ikizidi sana, hata mifupa huharibika. Meno yangu ni meupe. Washikaji mjini walikuwa wakinitania: "Wewe si wa Momela bwana, unatudanganya!" Nami nikicheka, nikijiona nina bahati.

Mwaka huu tumepata mtoto wa kike. Usiku ule nilikaa kwenye benchi nje ya wodi ya wazazi, na ukuta haukuzuia sauti. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Basi kumbe mimi nilikuwa mgeni tu pale. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa Tanzania wanawake 556 walikuwa wakifariki kwa sababu za uzazi katika kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukaonyesha 104. Idadi imeshuka sana, tushukuru. Lakini aliye kwenye benchi hahesabu laki. Anahesabu mmoja.

Asubuhi nikaambiwa wote wazima. Nikafanya nini? Nikaenda na jamaa kusherehekea. Wakaninunulia bia, ati "Hongera baba, umefanya kazi!" Kazi gani?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iliweka likizo ya siku 84 kwa mama, 100 akijifungua mapacha, na siku 3 kwa baba. Ni rahisi kuilaumu sheria. Lakini katika siku zangu tatu, moja niliimalizia baa.

Siku ya pili mama akashuka na basi kutoka Momela, ana ndizi za mtori. Alinikuta mezani naandika shairi la kumsifu mke wangu. Mke wangu mwenyewe alikuwa ameinama uani anafua nepi. Mama hakugomba. Alimwondoa pale, akalisukuma beseni mbele yangu.

Nikafua. Kwa aibu, nikitafuta la kusema, nikamwuliza kwa nini meno yetu hayakupata rangi.

"Maji ya karibu niliyaacha," akasema. "Nilikuwa napanda hadi chemchemi ya juu. Mpaka mkamaliza kuota meno."

Watoto watano. Miaka yote ile. Beti zangu sita hazikulitaja jambo hilo, kwa sababu sikuwahi kuuliza.

Ndipo swali likanikaa: tunapomsifu mama kwa uvumilivu, tunamheshimu au tunamfunga? Ukimwambia mtu kwamba yeye ni jasiri, anaweza yote, umejitoa katika wajibu wa kumsaidia. Mzigo unabaki kichwani mwake vilevile, umeupamba maua tu.

Atatokea mtu aseme baba naye anahangaikia riziki. Kweli, na wengi wamechoka. Lakini mama yangu alilima nyanya na maharage, akauza, na maji akafuata. Yeye hakuna aliyemwambia achague moja.

Wala sisemi kwamba ni lazima upate mtoto ndipo uheshimu. Hiyo ni heshima iliyochelewa, kama yangu. Kijana asiye na mtoto ana mama, ana dada, ana jirani. Ndoo zao anaziona kila siku. Heshima inaanzia kwenye kuuliza, halafu mkono unafuata. Sifa zije baadaye, kama nafasi itabaki.

Mashairi sijaacha. Ila siku hizi, kabla sijashika kalamu, naangalia kwanza beseni liko kwa nani.

Na wewe, msomaji: maji uliyokunywa leo nyumbani, aliyaleta nani?