BUNDUKI NYEPESI, AMANA NZITO

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetuhalalishia vilivyo vizuri na kutuharamishia vilivyo viovu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake na sahaba zake wote.



Baada ya swala moja ya Ijumaa, baba mmoja alitufuata barazani mwa msikiti. Ni mwindaji, kama baba yake na babu yake. Alisema: "Mwana wangu ana miaka kumi na mbili. Magoti yangu yamechoka, pori limekuwa mbali. Nataka nimpe bunduki yake ya kwanza, iliyo nyepesi. Nimeona kalibre 12 ya mtutu mmoja, na fundi yuko tayari kukata kitako ifike kwenye bega la mtoto. Dini inasemaje?"

Siku ile tulimjibu kwa ufupi. Lakini swali lake ni la wazazi wengi hapa Maniema, ambako nyama ya pori ndiyo chakula na ndiyo pesa ya masomo. Basi tulitazame pamoja, bila haraka.

Jambo la kwanza: kuwinda ni halali. Katika Sura Al-Maida, aya ya 4, Mwenyezi Mungu ameruhusu mawindo ya wanyama waliofundishwa, na ameamrisha jina lake litajwe juu yake. Wanazuoni wengi wa zama hizi wamesema risasi inayopenya mwilini ni kama mshale, maadamu mwindaji amesema Bismillahi wakati wa kupiga, na akimkuta mnyama bado hai amchinje. Kwa hiyo baba huyu hakuuliza jambo la haramu, na asiwepo mtu wa kumdharau kwa kazi yake.

Lakini ruhusa hiyo ina mipaka. Imepokewa na Nasai kwamba shomoro aliyeuawa bure atamshitaki aliyemuua Siku ya Kiyama. Ibn Umar (r.a.) alipita kwa vijana waliomfunga ndege wakishindana kumpiga, akawaambia kwamba Mtume (s.a.w.) amemlaani anayekifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha. Angalia, ndugu: waliokemewa walikuwa vijana. Mtoto hupenda kupiga kabla hajajua kwa nini anapiga. Wewe unawinda ili watu wale. Yeye, ukimwacha peke yake, atawinda ili asikie mlio.

Jambo la pili: wepesi wenyewe. Baba anadhani bunduki ikiwa nyepesi, hatari nayo inapungua. Sivyo. Kalibre 12 ya kawaida ina uzito wa kilo tatu hivi, na uzito huo ndio unaomeza sehemu ya pigo la nyuma. Ukikata kitako umepunguza uzito, na bega la mtoto litapigwa zaidi. Mtoto aliyeumia mara ya kwanza, mara ya pili atafumba macho kabla ya kufyatua. Je, anayefyatua macho yamefumba anapiga nini?

Wengine watasema: basi achukue ile bunduki ndogo ya risasi nyembamba, kalibre 22, ambayo haisukumi bega. Kweli, haisukumi. Lakini risasi yake inaweza kwenda zaidi ya kilometa moja, na nyuma ya majani kuna njia ya mama anayetoka shambani. Tena risasi hiyo inatosha kwa kanga au simbiliki. Ukimpiga nayo mnyama mkubwa, atakimbia na jeraha na kufia mahali ambapo hutamwona. Mtume (s.a.w.), katika hadithi ya Muslim, amefundisha kwamba wema umeandikwa juu ya kila kitu, hata katika kuua na kuchinja, na kwamba kisu kinolewe ili mnyama asiteseke. Silaha inayomfaa mtoto huenda isimfae mnyama. Hayo mawili lazima yapimwe pamoja.

Jambo la tatu, na ndilo kubwa: ni nani anayefaa kukabidhiwa? Tusome Sura An-Nisaa, aya ya 6. Mwenyezi Mungu anawaamrisha walezi wa mayatima wawajaribu mpaka wafikie umri wa kuoa, na wakiona kwao uongofu wa akili, ndipo wawape mali zao. Masharti ni mawili: umri na akili iliyopevuka. Na akili haidhaniwi, inajaribiwa. Sasa tupime, ndugu. Ikiwa mbuzi na franka, tena zilizo mali ya mtoto mwenyewe, hazikabidhiwi mpaka ajaribiwe, itakuwaje chombo kinachotoa roho, ambayo si mali yake wala yako? Mali ikipotea hutafutwa. Roho hairudi.

Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Ibn Umar alijitokeza siku ya Uhud akiwa na miaka kumi na minne, na Mtume (s.a.w.) hakumruhusu. Siku ya Khandaki alikuwa na miaka kumi na mitano, akaruhusiwa. Hatusemi kwamba miaka kumi na mitano ndiyo kipimo cha bunduki leo. Tunalochukua ni hili: mtoto alikuwa na hamu, alikuwa na ujasiri, na watu walikuwa na haja naye. Hata hivyo aliambiwa angoje, na kungoja hakukumpunguzia kitu. Alikuja kuwa mmoja wa wanazuoni wakubwa wa umma huu.

Baba yetu alikuwa na hoja, na ni haki tuitaje. Alisema: "Nisipomfundisha mimi, atafundishwa na wengine. Ataiba bunduki yangu nikilala." Hoja hii ina ukweli ndani yake. Mtoto wa mwindaji anayefichwa kila kitu huwa na hatari kuliko anayefundishwa. Lakini tutofautishe: kufundisha ni jambo moja, kukabidhi ni jingine. Unaweza kumfundisha mtoto miaka mingi kabla ya kumpa.

Tena tusisahau tunaishi wapi. Katika vita vya 1996 na 1997 nchi hii iliwaona watoto waliovishwa silaha, tukawaita kadogo kana kwamba ni jina la mapenzi. Wengi wao hawakurudi kwa mama zao. Hata leo, porini, mwenye silaha akikutana na mtoto mwenye bunduki begani, hataona mwindaji. Ataona adui, au ataona mtu wa kumchukua. Baba, umefikiri juu ya hilo? Na sheria ya Leta ya tarehe 10 Januari 2009 inasema aliye chini ya miaka kumi na minane ni mtoto. Uwindaji nao una sheria yake ya tarehe 28 Mei 1982: kuna kibali, na kuna wanyama wasioguswa.

Wala msidhani jambo hili ni la nchi za vita tu. Huko Marekani, katika jimbo la Kentucky, ambako baadhi ya ndugu zetu Wakongomani wamehamia, kuna desturi ya kuwapa watoto bunduki ndogo zilizotengenezwa kwa kipimo chao. Mwezi wa Aprili 2013 mtoto wa miaka mitano alimpiga dada yake wa miaka miwili kwa bunduki ya namna hiyo, naye akafariki. Ilikuwa imesimamishwa pembeni ya nyumba, na watu wake walidhani haina risasi. Bunduki ilikuwa nyepesi kweli. Mzigo alioachiwa yule kijana mdogo si mwepesi.

Basi tulimjibuje baba? Tulimwambia: usimpe sasa. Nenda naye porini mikono yake ikiwa mitupu. Mfundishe nyayo, upepo, na jina la Mwenyezi Mungu. Mfundishe kuchinja kwa kisu kikali, ashike mnyama aone roho inavyotoka, ili ajue anaomba kukabidhiwa nini. Hata manati usiidharau: Mtume (s.a.w.) alikataza kurusha vijiwe kwa vidole, kwa sababu haviui mawindo wala havimuumizi adui, bali huvunja jino na kutoboa jicho.

Mfundishe adabu ya silaha kabla ya silaha. Mtume (s.a.w.) aliamrisha anayepita msikitini au sokoni na mishale aishike kwenye ncha zake. Akaonya kwamba anayemwelekezea nduguye chuma hulaaniwa na malaika, hata kama ni ndugu wa baba na mama mmoja. Kwa hiyo hakuna mzaha wa bunduki, hata ikiwa tupu.

Kisha mjaribu. Mtazame siku mliyotembea tangu alfajiri bila kupata kitu: je, anarudi na subira au na hasira? Muulize: "Majani yametikisika, hujaona ni nini. Utafanya nini?" Akijibu kwa haraka, bado. Siku atakaposema, "Baba, nimeacha, sikuona vizuri," wala haoni aibu mbele ya wenzake, hapo ameanza kupevuka. Umri wa sheria utakapofika pia, ndipo mzungumze juu ya bunduki.

Na wewe mwenyewe, baba, anza leo jioni. Toa risasi ndani ya bunduki. Ifungie mahali pamoja, risasi pengine, na ufunguo ukae kwako.

Yule baba alinyamaza kidogo, akasema atamwambia fundi aache kile kitako kama kilivyo. Mwenyezi Mungu amlipe kheri.

Ewe Mola wetu, tulindie watoto wetu, uturuzuku halali, na utufanye wenye kutunza amana. Amin.

Tafadhali: usisome karatasi hii wakati khatibu yuko juu ya mimbari, wala usiitupe chini. Ukimaliza, mpe jirani yako.