Lulanga nyepesi: chombo kimfuate mtu, ao mtu afuate chombo?

Kuko swali moja ambalo linarudi kila mara tunapokutana na wazazi na vijana wanaotaka kujifunza lulanga. Linakuja kwa maneno madogo: "Muzee, hii ni muzito. Hamuna ya kadogo?" Mtu anaweza kusema ni maneno ya sokoni tu, sawa vile mtu anachagua sufuria. Sisi tunaona kwamba ndani yake kuko swali la adili, tena gumu. Mtu akichukua chombo cha mababu na kukipunguza ili kiendane na mwili wake na maisha yake, je, anakitunza ao anakipoteza? Na nani ako na haki ya kumkataza?

Wasomaji wa Bushi wanaijua lulanga, lakini vijana wengi waliokomalia mitaani Bukavu wamesikia jina tu. Basi tuieleze. Ni ubao mmoja wenye kuchimbwa katikati sawa mtumbwi usio na kina, hauna shingo wala mkia. Uzi mmoja mrefu unatoka ncha hii mpaka ncha ile, unarudi, unaenda tena, ukishikwa na meno yaliyochongwa kwenye ncha mbili, mpaka zinapatikana nyuzi saba ao nane. Mpigaji anakaa, anaiweka juu ya mapaja, na vidole vya mikono yote miwili vinafanya kazi. Warundi na Wanyarwanda wanaiita inanga, na ni ndugu ya tumbo moja na yetu. Wataalamu wa muziki wanasema hiki si kinubi cha kweli, kwa sababu nyuzi zinalala juu ya ubao wote. Wako na haki. Lakini Kiswahili hakitupi jina lingine zuri, ndiyo maana tunasema kinubi cha magoti na tunaendelea.

Wazee fulani wanapinga kabisa kupunguza. Wanasema uzito nao ni mwalimu. Zamani mtoto alingojea mpaka mapaja yake yatoshe, na katika kungojea alisikiliza. Alipokuja kupewa chombo, nyimbo zilikuwa zimekwisha kuingia masikioni mwake miaka mingi. Ukimpa leo kale kadogo, anasema wazee hao, unampa mkono bila sikio. Hatuwezi kudharau neno hili. Tumeona vijana ambao baada ya juma mbili wanajua kupiga haraka na hawajui wimbo unasema nini.

Lakini tuangalie chombo chenyewe kinasema nini. Inanga ambazo watu wamezipima ziko na urefu wa kati ya sentimeta 75 na 115 hivi, na upana wa 25 mpaka 30. Kutoka 75 hadi 115 kuko sentimeta 40! Ni kusema hakukuwa kipimo kimoja kilichoshuka toka mbinguni. Kulikuwa miti minene na miti myembamba, wapigaji warefu na wapigaji wafupi, na fundi katikati yao. Tena uzi: zamani ulisokotwa kwa mishipa ya ng'ombe, leo ni nailoni ao waya. Hatujasikia mzee akikataa kucheza arusi ya mjukuu wake juu ya nailoni. Kama uzi ulibadilika na lulanga ikabaki lulanga, sababu gani sentimeta kumi ziiue?

Kwa hiyo hatukubali kwamba kupunguza ni dhambi. Tunakataa kitu kingine: kupunguza na kudanganya. Kuko wauzaji wanaomwambia mteja, "Chukua hii ndogo, sauti ni moja tu." Hapana, sauti si moja. Uzi uliokatwa nusu, ukikazwa sawa na mwanzo, unapanda oktava nzima. Ili ubao mfupi utoe sauti ya chini sawa ya ule mrefu, unalazimika kuweka uzi mnene zaidi ao kuulegeza, na uzi ukilegea sana unavuma ovyo, neno lake halisikiki. Tumbo dogo la mbao linatunza sauti za juu na kuachilia zile nzito, zile ambazo kwetu zinabeba uzee na huzuni. Ubao uliopunguzwa unene unajikunja pole pole chini ya mvuto wa nyuzi, na asubuhi unakuta sauti zote zimehama. Na hata ule wepesi wenyewe uko na hila yake, maana chombo chepesi kinateleza juu ya mapaja kila unapovuta uzi kwa nguvu. Mpigaji anaanza kukishika kwa mkono badala ya kukipiga. Kipande cha ngozi ya mbuzi ao kitambaa kizito chini yake kinasaidia, lakini lazima mtu aambiwe mapema.

Mtu aliyeambiwa hayo yote, kiisha akachagua ndogo, amechagua kweli. Yule aliyefichwa amechaguliwa na mwingine. Hapo ndipo sisi tunaweka adili ya jambo hili, mbele ya mti na mbele ya kipimo.

Hata hivyo tusifanye sauti kubwa kuwa mungu. Huko Burundi kuko namna ya kuimba na inanga ambayo Wafaransa wameiita inanga chuchotée, ni kusema inanga ya kunong'ona: mwimbaji anashusha sauti yake mpaka inakuwa pumzi tu, ili isifunike nyuzi. Mtu anayesikia mara ya kwanza anainama mbele bila kujua. Basi yule anayepiga jioni nyumbani, mbele ya watu sita ao saba, hakose kitu kama chombo chake ni kadogo. Yule wa sala kubwa ya parokia atahitaji ubao mpana, ao mikrofoni. Ndiyo maana swali la kwanza kwa mnunuzi si "uko na franga ngapi?" Ni "utampigia nani, na wapi?"

La pili ni mwili wake, na hapa tunaona haya kidogo kusema vile watu wanavyochagua: wanasimama, wanagusa nyuzi mbili, wanalipa. Akae chini! Akae nusu saa nzima na chombo mapajani. Aone kama mguu unakufa ganzi, kama mabega yanapanda, kama mkono wa kushoto unafikia uzi wa mwisho bila kukunja mgongo. Mzee mwenye magoti yenye kuumwa anaweza kuwa mpigaji bora wa kijiji na akaacha muziki juu ya kilo mbili tu za mbao. Kumwambia mzee wa namna hiyo kwamba heshima ya mababu inamkataza chombo chepesi, hiyo si heshima. Mababu walichonga ili mtu apige.

Ili tuone mahali kumsahau mpigaji kunapeleka, twende mbali kidogo, kaskazini, upande wa Uele. Kule Wazande wako na kundi, kinubi cha kweli cha nyuzi tano, chenye shingo iliyopinda na tumbo la kufunikwa ngozi. Ni kadogo, mtu anakibeba mkononi akienda safari, na hakuna mtu aliyesema kwamba udogo wake ni aibu. Wamangbetu, majirani zao, nao wako na chao, na vingine vyao vinaonekana leo katika makumbusho ya Ulaya na Marekani kwa sababu ya vichwa vya watu vilivyochongwa kwenye shingo, vile vichwa virefu vya sifa. Herbert Lang na James Chapin walipita huko kati ya 1909 na 1915 wakikusanya vitu kwa ajili ya jumba la makumbusho la New York, na wengine pia walikusanya. Mwaka 1990 Enid Schildkrout na Curtis Keim walionyesha katika kitabu chao kwamba sanaa hiyo ya vichwa iliongezeka sana wakati wageni walipokuwa wakiitafuta. Hatusemi fundi wa Mangbetu alikosa. Alikuwa mjuzi, na kazi yake inashangaza mpaka leo. Tunasema tu kwamba kichwa kizuri hakiongezi sauti hata moja, na kwamba macho ya mgeni yanaweza kuongoza kisu cha fundi kama vile vidole vya mpigaji vinavyokiongoza.

Na huko kwetu vivyo hivyo. Kuko lulanga ndogo zinazochongwa kwa ajili ya ukuta wa saluni. Ni nyepesi, ndiyo, lakini wepesi wake ni juu ya sanduku la msafiri wa ndege. Nyuzi zake hazikazwi kwa wimbo wowote. Ukiziweka meza moja, lulanga hiyo na ile iliyopunguzwa kwa ajili ya mtoto wa miaka tisa, mita itakupa hesabu moja. Jicho linadanganyika. Kumbe moja ilipunguzwa na mapenzi ya mpigaji, na ingine na bei.

Tuseme pia neno la safari nyingine, ile ambayo mtu hakuipanga. Mwaka 1996, tena mwezi wa sita 2004, tena mwezi wa pili 2025, watu wa Bukavu waliulizwa bila mwalimu: unachukua nini? Mtoto mgongoni, karatasi za masomo, sufuria, godoro. Ubao wa mita moja hauna nafasi katika mzigo huo, na hatuwezi kumlaumu mtu aliyeuacha nyuma. Lakini ubao wa sentimeta 60 unafungwa pamoja na kitenge. Wakati mtu wa chama chetu anaposema kwamba lulanga ndogo "si ya kweli", tunamwomba afikiri juu ya mpigaji aliye kambini, ambaye chombo cha kweli kwake ni kile kilichofika. Kweli, kanda alizorekodi Hugh Tracey alipozunguka upande wetu mwaka 1952 zinatunzwa Afrika ya Kusini, na Alan Merriam alikuwa amefanya utafiti kwa Bashi katika miaka ileile. Tunawashukuru. Lakini kanda inatunza wimbo, haitunzi mkono. Mkono unatunzwa na mkono mwingine uliokaa karibu.

Kuna na habari ya miti. Lulanga kubwa ya kipande kimoja inaomba shina nene, na mashina manene yamebaki machache katika milima yetu ya mashamba na makaa. Kahuzi-Biega imekuwa mbuga ya taifa tangu 1970, miti yake haikatwi kwa ruhusa (na Batwa waliofukuzwa mule wanajua bei ya sheria hiyo kuliko sisi sote). Chombo kidogo kinatoka katika shina dogo lililopandwa nyuma ya nyumba. Ila mti mchanga usikaushwe haraka juani. Utapasuka, na fundi atajaza mwanya na gundi, na wewe utasikia mwanya ule kila siku.

Wasichana je? Kwa sehemu kubwa kinubi hiki kilikuwa cha wanaume, na wanaume walipenda kusema ni juu ya uzito. Sababu hiyo haisimami. Mwanamke anayebeba muhogo toka shamba mpaka soko la Kadutu anaweza kubeba ubao. Kule Rwanda, Sophie Nzayisenga alifundishwa inanga na baba yake, Kirusu, tangu utoto wake, naye amekuwa bingwa anayesikilizwa inje ya Afrika. Kwa hiyo hatupendi mtu akiwatolea wasichana wote lulanga ndogo kabla hawajakaa chini na kuomba. Mwingine atataka ile kubwa ya babu. Apewe.

Kumebaki mpaka mmoja ambao sisi hatuvuki, nao si wa kilo. Ni hesabu ya nyuzi. Ili kuwarahisishia watoto, wengine wanachonga vya nyuzi nne. Wimbo wa lulanga si mlio wa kupitisha saa tu. Mwimbaji anasimulia, na nyuzi zinamjibu, zinashuka naye hadi chini. Katika muziki huu wa sauti tano, ukiondoa nyuzi nusu, kuko mahali ambapo mwimbaji atashuka na hatapata mtu wa kumpokea. Mtoto atazoea kuruka mahali pale. Kiisha atafundisha mtoto wake kuruka. Afazali ubao upungue urefu, upungue unene, uchongwe katika mti mwepesi, lakini meno yabaki nane, hata yakikaribiana mpaka kidole kikubwa cha baba hakipiti.

Kidole cha baba hakipiti, lakini cha mtoto kinapita. Na mtoto akikomaa, atakitoa kile kadogo kwa ndugu yake na kuomba kingine. Tunaomba jamaa zilizo na lulanga za zamani, zenye kutundikwa juu ya moshi ao kufungwa stoo, zisiziuze kwa wapita njia kabla ya kuuliza kama kuna mtu mlimani anayengojea ya ukubwa huo.