Jirani Akienda Kuhiji



Kijana mmoja niliyemsomesha hapa Mlabani alinijia baada ya swala ya Alasiri na suala la fiqhi. Mama mmoja jirani yao, Mkatoliki, aliweka nadhiri ya kwenda kuhiji Namugongo, Uganda: kwa basi hadi mpakani Mutukula, kisha kwa miguu pamoja na wenziwe. Mama huyo ndiye aliyemlea kijana alipofiwa na mamake. Sasa magoti yake yamechoka, akataka kijana amchukulie mzigo. "Shehe," akaniuliza, "nikiwa njiani nipunguze swala?"

Aliyesoma madhehebu ya Imamu Shafi atatambua uzito wa suala hili. Kupunguza swala ni ruhusa ya msafiri, na ruhusa hiyo hapewi aliyesafiri kwa maasia. Basi kumjibu juu ya rakaa ni kuihukumu safari yenyewe. Nami nikajibu kwa haraka: hupunguzi. Akafahamu, akanitii, hakwenda.

Jibu lile lilininyima usingizi. Maasia yako wapi? Kijana hakukusudia kushiriki ibada yao. Alikusudia kumbebea mzigo aliyembeba yeye. Na Mwenyezi Mungu, katika Suratul Mumtahina, hakutukataza kuwafanyia wema wasiotupiga vita kwa ajili ya dini.

Tena tutazame Hijra. Bwana Mtume (s.a.w.) na Sayyidna Abubakar walipotoka katika pango la Thaur mwaka 622, aliyewaongoza njia hadi Madina alikuwa Abdullahi bin Uraiqit, mtu wa dini ya Makureshi. Walimkabidhi ngamia wao na roho zao, hali Makureshi wametangaza zawadi ya ngamia mia kwa atakayewakamata. Safari tunayohesabia miaka yetu iliongozwa na asiyekuwa Mwislamu!

Wala Namugongo si ardhi ngeni kwetu. Inajulikana kwa Wakristo waliochomwa moto tarehe 3 Juni 1886 kwa amri ya Kabaka Mwanga. Lakini miaka kumi hivi kabla yao, babake, Kabaka Mutesa, aliwaua vijana wa Kiislamu waliokataa kusali nyuma yake na kula nyama yake, kwa kuwa hakutahiriwa. Na wengi wao waliuawa hapo hapo Namugongo. Kijana wangu angalifika, angaliwaombea rehema. Nilimzuia hata hilo.

Sisemi dini ni moja. Mama ana nadhiri yake, kijana ana kibla chake. Adhuhuri ikiingia atatandika mkeka kando ya njia, naye mama atamngoja. Hapa bondeni Kilombero, ambapo ukoo mmoja huwa na Asha na Maria, kungojana huko tumekuzoea tangu utoto, misibani na harusini.

Mama alikwenda na wenziwe, akarudi. Nilimkuta sokoni Ifakara, nikamuuliza habari za safari.

"Njema, Shehe. Mzigo tu ndio ulionishinda."

Sikuwa na la kumjibu. Jioni ile nilimwita kijana, nikamwambia akijaliwa kwenda mwaka mwingine, apunguze swala; ila akinuia kukaa mahali pamoja siku nne kamili, hapo atimize.