Shingo Ikikaza, Nani Alipaswa Kukuambia?

Kipandauso hakiombi ruhusa. Nusu ya kichwa inagonga, mwanga unachoma macho, tumbo linachafuka. Ukifika kwa daktari ukiwa hivyo, huna nguvu ya maswali. Unataka dawa tu, basi.

Lakini dawa nazo zina mambo yake. Sumatriptan inaweza kukuletea uzito na kubanwa shingoni, kwenye taya au kifuani. Mara nyingi hali hiyo hupita, ingawa mwenye ugonjwa wa moyo hafai kuitumia. Metoclopramide, ile ya kutuliza kichefuchefu, mara chache hukaza misuli: shingo inapinda, taya linajifunga, macho yanakwama juu. Hutokea zaidi kwa watoto na vijana, yaani sisi. Mwaka wa 2013 shirika la dawa la Ulaya lilishauri isitumiwe zaidi ya siku 5.

Sasa, daktari anayenyamaza ili asikutishe, amekuhurumia au amekudhulumu?

Anayemtetea ana hoja, tena nzito. Katika majaribio ya dawa za kipandauso, hata watu waliopewa vidonge visivyo na dawa yoyote walilalamikia madhara yanayofanana na ya dawa iliyokuwa ikijaribiwa. Onyo lenyewe linaweza kuumiza. Mbona basi umwongezee mgonjwa hofu juu ya maumivu?

Shida ni kwamba hoja hiyo inahesabu uchungu wa kujua peke yake. Uchungu wa kutojua haiuhesabu. Shingo ikikupinda saa tano usiku na hukuambiwa kitu, watu hawatakosa jina la kuipa. Jirani ataiita pepo, kaka yako atasema unaigiza, na wewe mwenyewe utadhani ni kiharusi. Aliyeambiwa atasema, "Ni ile dawa." Atarudi hospitali adungwe dawa ya kulegeza misuli, na kwa kawaida atatulia baada ya muda mfupi.

Na si lazima onyo liwe la kutisha. Mwambie mgonjwa ni jambo nadra, mweleze linafananaje, kisha umwambie afanye nini likitokea. Hiyo haimalizi hata dakika moja. Anayekunyima dakika hiyo ameamua peke yake kwamba mwili wako unaweza kubeba dawa, ila akili yako haiwezi kubeba habari zake.